Shilingi Elfu Tatu za Kuambiwa "Ngoja"

Mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Mke wangu hukanusha jambo hili kila apatapo nafasi, lakini yeye hana ushahidi wa maandishi, na mimi ninao. Nilikuwa karani wa hesabu kwa miaka 28, na tangu nilipostaafu nimeendelea kuandika katika daftari kila shilingi inayotoka mfukoni mwangu pamoja na kosa lililoifanya itoke. Katika ukurasa wa mwezi wa Februari pana mstari unaosomeka hivi: "Kiongozi wa kuvulia kwa kayaki, asubuhi moja, shilingi 3,000. Maneno aliyoyasema: kumi na moja." Atakayegawanya ataona kwamba kila neno lilinigharimu shilingi 272 na senti 73, nami nimewahi kumwajiri wakili katika kesi ya mpaka wa shamba ambaye, pamoja na hasara yote aliyonitia, alinipa maneno mengi zaidi kwa fedha hiyo.

Niieleze kwanza hiyo kayaki. Jirani yangu Mwitaliano, aliyeishi Malindi hata akawa anagombana na watu kwa Kiswahili, aliamua kurudi kwao na kuuza kila kitu alichoshindwa kukipakia katika ndege. Jokofu lake liligombewa. Kayaki haikugombewa na mtu, na hilo lingetosha kunizindua, lakini mimi niliona shilingi 45,000 kwa chombo kisichohitaji injini, petroli, tanga wala baharia, nikajihesabu mjanja kuliko mji mzima. Ni chombo cha plastiki cha rangi ya manjano, chenye urefu wa mita tatu na nusu, na mvuvi hukaa juu yake badala ya kukaa ndani. Sakafu yake ina matundu yanayopenya hadi chini ili maji ya mawimbi yapate pa kushukia, kwa kuwa kinachokielesha ni ule uwazi uliozibwa baina ya plastiki ya juu na ya chini. Nilimweleza mke wangu haya yote kwa ukamilifu. Akayatazama matundu, akanitazama mimi, akasema, "Baba watoto, umeuziwa mtumbwi uliokwisha kutoboka." Watoto wa mtaa waliipa jina la Ndizi kabla sijaifikisha mlangoni.

Suala la kiongozi lilizuka siku hiyo hiyo, kwa sababu Mwitaliano aliponikabidhi kafi alinishauri nitafute mtu wa kunitangulia baharini katika safari mbili tatu za kwanza. Nilicheka. Mimi ni mzaliwa wa hapa, na bahari ya Malindi naisikia nikiwa kitandani, hivyo kumlipa mtu anionyeshe bahari hiyo niliona ni sawa na kumlipa mtu anionyeshe jiko la nyumbani kwangu. (Mke wangu alidakia kwamba hilo jiko nalo silijui, lakini tulikuwa tunazungumza juu ya bahari.)

Isitoshe, nilikuwa na simu, na ndani ya simu nilikuwa na programu isiyolipiwa inayotaja saa ya maji kujaa na saa ya maji kupwa. Programu haikukosea. Niliyekosea ni mimi, ambaye nilisoma saa na sikusoma kimo. Mwezi ulikuwa mpevu, na kwa hiyo yalikuwa maji ya bamvua, ambayo huku kwetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, si kama maji mafu ya mwezi nusu ambayo hujikokota tu. Nilitia mshipi nikiwa na utulivu wa mtu aliyekwisha kulipa karo zote za watoto, na nilipoinua kichwa, bahari ilikuwa imeondoka. Nilikuwa nimekaa juu ya mwamba. Lililobaki lilikuwa kuiburuta Ndizi, ambayo haipungui kilo 30, juu ya mwani na mawe na vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu, huku kina mama waliotoka kutafuta pweza wakiniamkia kwa heshima iliyopita kiasi. "Shikamoo, mzee. Wahama?"

Safari ya pili nilichagua maji ya kusini mwa mji, yaliyo safi na yenye samaki wanaoonekana kwa macho, nikastaajabu kwamba wavuvi wote wa Malindi ni wajinga hata wakayaacha. Hawakuwa wajinga. Pale ni hifadhi ya taifa ya baharini tangu 1968, na kuvua ndani yake ni marufuku kwa mtu yeyote, awe na meli au awe na Ndizi. Kijana mmoja aliyekuwa akitembeza watalii kwa boti yenye kioo chini alinijulisha jambo hilo kwa sauti iliyosikika Watamu. Mshipi wangu ulikuwa bado haujagusa maji, na hilo nililiandika katika daftari, tarehe na saa, endapo nitaulizwa. Safari ya tatu ilinipa kikande mmoja mwenye meno kama koleo. Mke wangu alimpa paka, na paka akaomba muda wa kufikiri.

Ni katika baraza la kahawa ndipo nilipopigwa na historia. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyenisikiliza nikieleza kwa nini mzaliwa wa Malindi hahitaji kiongozi, aliweka kikombe chini akasema kwamba Vasco da Gama, aliyekwisha kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, alipofika hapa mwezi wa Aprili 1498 hakuthubutu kuvuka bahari mpaka mfalme wa Malindi alipompa rubani, na rubani huyo akamfikisha pwani ya Kalikut mwezi wa Mei. "Wewe na ndizi yako mwamzidi nini?" Nilimjibu kwamba Mreno yule alikuwa anakwenda India, na mimi nakwenda mita mia nane kutoka ufukweni. Akasema, "Yeye alifika." Ningependa sana kujua walipatana bei gani, lakini mnara wa Mreno pale juu ya mwamba una msalaba tu, hauna risiti.

Basi nikatafuta kiongozi. Wa kwanza kumwendea alikuwa kijana wa ufukweni aliyezungumza Kiitaliano, Kiingereza na Kijerumani, na katika lugha zote tatu aliniahidi sulisuli. Sulisuli ni samaki anayeweza kupita urefu wa mita mbili, na kijana huyu alitaka nimvute nikiwa nimekaa juu ya plastiki. Nilimuuliza maji yanapwa saa ngapi siku hiyo, akatoa simu. Simu ninayo. Wa pili alikuwa mzee mmoja mwenye ngalawa, ambaye nilipomuuliza swali lile lile hakutazama hata bahari, akanijibu huku akiendelea kushona tanga. Nilimuuliza bei. "Elfu tatu," akasema. Maneno hayo mawili sikuyahesabu, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaanza.

Tulikutana ufukweni saa kumi na moja alfajiri, yeye na ngalawa yake, mimi na Ndizi, jaketi la kuokolea maisha na chupa ya chai ya tangawizi. Bahari ilikuwa imelala kama mkeka. Nilisukuma chombo, naye akasema, "Ngoja." Tukangoja dakika 40. Nilikuwa ninalipia muda huo, na ili usipotee bure nikanywa chai. Sikuelezwa tunachongoja, nikaja kukigundua mwenyewe tulipoondoka, kwani maji yalikuwa yameanza kupwa nayo yakatubeba kuelekea nje kama watu waliopanda matatu, na hesabu yake ilikuwa turudi nayo yakijaa. Safari zangu za mwanzo nilikuwa nimepiga makafi kinyume cha maji, kwenda na kurudi, nikidhani maumivu ya mabega ni sehemu ya mchezo.

Katika ule mlango wa mwambani, mahali chombo kinapopita kwenda maji makuu, niliona ndege wakipiga mbizi upande wa kulia, nikageuza. "Si huko," akasema. Niligeuka kwa kinyongo, na sekunde chache baadaye wimbi likainuka pale pale nilipokuwa ninakwenda, likavunjika juu ya jiwe ambalo halikuwa limeonekana. Sikumshukuru, kwa sababu hakunipa nafasi. Alikuwa amekwisha kufika mbele.

Tulipofika penye samaki nilianza kuifunga nanga ubavuni, karibu na goti langu, mahali panapofikika. "Nanga omoni," akasema, yaani kule mbele ya chombo, kama mtu anayekukumbusha kwamba mbuzi hufungwa kwa kamba ya shingo. Nimekuja kufikiri juu ya maneno hayo usiku, nikiwa nimelala. Mkondo ukivuta chombo chembamba kilichofungwa ubavuni hukikingamisha na kukilaza, na mtu aliye juu yake huenda kuwasalimu samaki nyumbani kwao. Kikifungwa omo, au tezi kule nyuma, hujipanga na maji na kutulia. Hakuna mahali katika programu yangu palipoandikwa hivyo.

Samaki walikuja, nakiri. Tulipata changu watatu, tewa mdogo mmoja na kolekole aliyenizungusha na Ndizi yangu kama sahani ya santuri. Kisha nikamvuta samaki mmoja bapa, mpole wa sura, nikamkamata kwa furaha. "Usimshike kwa mkono," akasema mzee. Alikuwa tasi, na miiba ya tasi ina sumu. Maneno hayo matatu yana thamani ya shilingi 818 na senti 18, nayo yalifika yakiwa yamechelewa, na hadi leo nashikilia kwamba yalipaswa kukatwa katika malipo. Maumivu yalipanda hadi kwapani. "Lete chai," akasema, nami nikafikiri kwamba hatimaye tumekuwa marafiki. Akaimimina ndani ya kikombe na kukitumbukiza kidole changu humo, ikiwa moto kadiri nilivyoweza kustahimili, kwa sababu sumu ya samaki huyo hulegezwa na joto. Ilibaki nusu kikombe tu. Iliyobaki nilikuwa nimeinywa ufukweni, na ilikuwa imekwisha kuanza kudai haki yake, juu ya chombo ambacho kusimama juu yake ni kujitupa na kukaa juu yake hakusaidii kitu.

Saa sita, mbingu ikiwa nyeupe na chambo kikiwa bado kimejaa kopo, akasema, "Turudi." Hilo ndilo lililokuwa la kumi na moja. Maji yalikwisha kugeuka, yakatusukuma nyumbani. Tulikuwa hatujamaliza kuosha samaki pale kaskazi ilipoanza kuvuma kwa nguvu na bahari yote ikageuka povu.

Nyumbani nilifunga hesabu. Samaki kilo tano, kwa bei ya soko shilingi 500 kwa kilo, ni shilingi 2,500. Kiongozi, shilingi 3,000. Hasara ni shilingi 500, bila kuhesabu chai, sukari na kidole. Nilimsomea mke wangu hesabu hiyo kwa sauti ya mtu aliyethibitisha jambo. Akauliza, "Na sanda imekuwa shilingi ngapi siku hizi?" Daftari langu halina safu ya sanda.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba elimu hii haikai. Niliyoonyeshwa ni bahari ya kaskazi. Kusi ikiingia mwezi wa Aprili, upepo hubadilika upande, na mvua za bara huujaza mto Sabaki udongo hadi maji ya mdomoni mwake yanafanana na chai yangu. Itanibidi kulipa upya. Nilifikiri kuihamishia Ndizi Lamu kwa shemeji yangu, anayedai kwamba katika mikondo yao ya mikoko hakuna mawimbi na kwa hiyo hakuna haja ya kiongozi, lakini shemeji huyo huyo alipotea baina ya mikoko inayofanana yote, akakwama katika tope maji yalipopwa, na akakaa humo hadi jioni na embe moja.

Wiki iliyofuata nilimwendea mzee tena, saa kumi na moja kamili. Ngalawa yake ilikuwa kavu mchangani. Akasema, "Leo hakuna," kisha akanyoosha mkono apewe nusu ya malipo. Nilimuuliza nusu hiyo ni ya kazi gani. "Nimeamka," akasema. Nililipa shilingi 1,500, nikarudi na kupanda juu ya paa kuitazama bahari, nikiwa nimekwisha kuandaa hotuba ya kudai fedha zangu. Hadi saa nne ilikuwa shwari, na hotuba ilizidi kunoga. Saa tano na robo boti mbili zilirejea mbio, zikirushwa kama maganda ya nazi, nami nikashuka kimya kimya ili mke wangu asiniulize nilikuwa ninatazama nini.

Aliniuliza samaki. Nikaenda sokoni, na nyuma ya meza ya kwanza alikuwa mzee yule yule, akiuza kolekole aliowavua usiku nikiwa nimelala. Alinipimia kilo mbili kwa shilingi 1,000, bila kupunguza kitu kwa ajili ya ujuzi wetu, bila kutaja zile 1,500 zilizokuwa bado ziko mfukoni mwake. Nilijipa moyo nikamuuliza kuhusu mwisho wa wiki. Akafunga samaki ndani ya gazeti, akanitazama kidole.

"Jumamosi. Saa kumi. Chai lete, usinywe."

Maneno sita, na hakunitoza hata senti.