Wimbo Niliousikia Peke Yangu

Kwa kuwa ile video yangu ya kwenye sendofu imeshafika hadi kwa fundi cherehani wangu, bora niseme mwenyewe. Rafiki yangu mmoja, simtaji jina ila ana pikipiki nyekundu na hana haya, aliirusha kwenye makundi matatu ya WhatsApp kabla hata viti vya ukumbini havijakusanywa. Sekunde 41. Juu yake kaandika: "Mtaalamu wa sauti akiwa kazini." Na kila anayemuuliza anamwambia nilikuwa nimelewa. Jamani, sikulewa. Nilikunywa soda mbili. Heri ningelewa, ningekuwa na cha kusingizia.

Haya. Mnaonifuata humu siku nyingi mnakajua kadude kangu ka muziki. Sansa Clip+, toleo la 2009, kadogo kama kiberiti, nilikanunua mkononi Kariakoo kakiwa kamechubuka mgongo. Nimekahangaikia kuliko nilivyowahi kumhangaikia binadamu. Programu ya kiwandani nilishaitoa zamani, nikaweka Rockbox, ile ya bure iliyoanzia kwenye mashine za Archos mwaka 2001. Ukishaiweka unapewa ekwalaiza, vile vidhibiti vya kupandisha na kushusha besi na vikali, ya kuchezea mpaka usiku wa manane. Wiki ya kwanza nilipandisha kila kitu: besi juu, katikati juu, vikali juu. Nikapata muziki unaokwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Ndipo nikajifunza kwamba kuna mahali pa kuteremsha sauti yote kwanza, desibeli sita hivi, ili besi ikipanda isigonge dari. Shusha kwanza, ndipo upandishe. Hilo nimelihubiri hapa mpaka mmenichoka. Likumbukeni, litanirudia usoni.

(Na yule aliyeuliza juzi kama akibadilisha nyimbo zake za kilobiti 128 kwa sekunde kuwa 320 zitapiga vizuri: hapana, ndugu yangu. Nami nilifanya hivyo. Nyimbo mia nne, usiku mzima, kompyuta inapumua kama mgonjwa. Wimbo wa MB 3 ukawa MB 7 na sauti ni ileile. Kilichokatwa hakirudi. Umebadilisha ndoo tu, maji ni yaleyale.)

Sasa tuingie kwenye aibu yenyewe.

Jumamosi ilikuwa sendofu ya dada yangu, Tanga. Kwenye ratiba kulikuwa na kipengele kimoja ambacho ukoo mzima ulikuwa unakisubiri: Babu na Bibi wafungue muziki kwa wimbo wao wa ujanani. Wimbo wa miaka ya sabini, enzi ambazo Tanga ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz na watu wanaenda dansini na viatu vimepigwa rangi. Babu anao kwenye kaseti. Kaseti hiyo imepita mikono mingi, ila bado inaimba. Fundi mitambo wa ukumbini, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, akasema, "Kaka usihangaike, nitaupata mtandaoni, nitaupiga kwa simu."

Kwa simu! Mbele yangu!

Nikamwambia dogo, kwa upole wa mtu anayemhurumia mwenzake, kwamba wimbo wa Babu hautapigwa kwa simu. Nilikuwa nimeshaazima deki, nimeshaingiza kaseti kwenye kompyuta, nimeihifadhi kwa FLAC, aina ya faili ya muziki ambayo haitupi chochote. Rafiki wa pikipiki nyekundu aliniambia, "Umehifadhi kaseti kwa FLAC? Si umehifadhi ile chaaaa ya mkanda?" Nikamjibu kwamba hata hiyo chaaaa ni historia.

Zaidi ya hapo nilikuwa na waya wangu. Upande mmoja pini ndogo ya hedifoni, upande wa pili ile pini nene ya kwenye mikisa (mtambo wa kuchanganya sauti), imepakwa rangi ya dhahabu. Ukiitazama pini nene kwa karibu ina pete nyeusi. Waya za dogo zilikuwa na pete moja moja. Wangu una mbili. Nikamwonyesha. Nikamwambia, "Unaona? Mbili." Naye akaangalia, akataka kusema kitu, akanyamaza. Kijana mwenye adabu. Laiti angekuwa hana.

Saa kumi tukafanya majaribio. Nikachomeka, nikaweka Bongo Fleva ya siku hizi. Ukumbi ukajaa. Vinanda vinatoka huku, mwangwi unatoka kule. Dogo akainamisha kichwa, akasema, "Kaka, samahani. Mbona kama mwimbaji hayupo?"

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Nikamwambia masikio yake yamezoea sauti za kubanwa, kwamba mtambo mzuri humsogeza mwimbaji nyuma, akaviachia vyombo nafasi.

"Na besi je?"

"Besi ya kweli haina fujo."

Maneno hayo yamo kwenye video ya pili, ambayo bado haijatoka. Rafiki yangu ameniarifu kwamba anaitunza.

Saa mbili na nusu usiku. MC, sauti kama asali, akawaita wazee. Babu akasimama, akampa mjukuu mdogo mkongojo wake amshikie, akavuta koti. Bibi akafunga vizuri khanga yake. Wakatembea mpaka katikati, polepole, watu wamesimama, simu zote juu. Babu akaweka mkono kiunoni, Bibi akaweka wake begani. Kimya. Bibi akageuza shingo akanitazama pale kwenye mitambo, akaniita kwa utani wetu: "Mume wangu, tuwekee basi."

Nikabonyeza.

Chaaaaaaaa.

Nikatulia. Najua wimbo unaanza taratibu, kuna sekunde tatu nne za mkanda mtupu. Nikatazama kioo cha kadude: 0:06. 0:07. Chaaaa. Na niwaambieni ukweli, ilikuwa chaaaa safi sana. Pana. Inatoka kona zote za ukumbi kama mtu anakaanga samaki sita kwa pamoja. 0:11. Gitaa linatakiwa kuwa limeshaingia. Babu, ambaye anaujua wimbo huo kuliko jina langu, akapiga hatua ya kwanza kwa kukariri. Hatua moja. Akasimama. Bibi akamkanyaga.

Nikamwashiria dogo: pandisha. Akapandisha. Chaaaa ikawa mvua ya masika juu ya bati. 0:19. Pandisha! Akapandisha tena. Sasa ndani ya ile mvua, mbali sana, kukawa na kitu kama mtu anaimba ndani ya mtungi uliofunikwa, na mtungi wenyewe umezikwa. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, mvua inanyesha?" 0:24. MC akasema, "Mtaalamu wetu anaweka mambo sawa," na akacheka kile kicheko cha MC ambacho maana yake ni kwamba bahasha yake isiguswe.

Hapo nikafanya kosa ambalo ndilo mnaloliona kwenye video. Nikasema moyoni, hii ni spika zao mbovu. Nikachomoa waya kwenye kadude (PAAA! shangazi mmoja akasema "Astaghfirullah" akadondosha sahani ya pilau) na nikachomeka hedifoni zangu. Zile kubwa. Za kufunika sikio lote, zisizopitisha kelele za nje.

Ndugu zangu. Wimbo ulikuwa unapiga. Lile gitaa! Yale matarumbeta yanavyojibizana! Sauti ya mwimbaji iko hapa, katikati ya paji la uso, kama ameketi kwenye kope zangu. Miezi yote ile ya kuhangaika, kumbe matunda yake ndiyo hayo. Nikasahau nilipo. Kichwa kikaanza kutikisika chenyewe. Nikafumba macho. Sijui kwa nini nilifumba macho. Nikamwinulia Babu kidole gumba.

Halafu, kwa kuwa mtu mwenye hedifoni za kufunika hajui sauti yake iko wapi, nikapaza, mbele ya wageni mia mbili waliokaa kimya kama msibani:

"MBONA UNAPIGA VIZURI TU!"

Nilipofumbua macho wote walikuwa wananitazama. Mama alikuwa ameweka kiganja kichwani. Wakwe watarajiwa wa dada yangu walikuwa wameinamiana wakisemezana, na mmoja alikuwa ananihesabia kwa kidole, nadhani anauliza kama mimi ni wa upande wa mama au wa baba. Rafiki yangu alikuwa amepanda juu ya kiti ili apate pembe nzuri ya kurekodi. Nikavua hedifoni taratibu, na ile sauti ndogo ya wimbo ikasikika ikichuruzika kutoka kwenye visikio, tsi tsi tsi. Ukumbi mzima uliisikia. Ndiyo mara ya kwanza wimbo wa Babu unasikika usiku ule.

Babu akanitazama kwa muda. Akasema, bila kipaza sauti wala haja ya kipaza sauti:

"Mume mwenza, basi tuimbie wewe, maana unayeusikia ni wewe."

Sitaeleza kicheko kilichofuata. Kipo kwenye video kuanzia sekunde ya 33.

Yaliyobaki nitayapitia mbio. Dogo akaja, "Samahani kaka," akachomeka tena waya wangu kwenye kadude. Akashusha sauti kwanza. Naam, alishusha kwanza! Kisha akashika ile pini yangu ya dhahabu kwenye mikisa na kuivuta nje kidogo tu, hatua moja, ikalia kak. Wimbo ukatokea wote. Wazee wakacheza, watu wakatunza, Bibi akalia kidogo, keki ikakatwa, nami nikahamia nyuma ya jenereta.

Huko nyuma ndiko dogo alikonifuata na sahani ya pilau akanieleza, kwa heshima iliyoniumiza kuliko matusi. Ile tundu ya mikisa inataka waya wa pete mbili kweli, lakini si kwa kazi niliyoifikiria. Mikisa inapokea nyaya mbili na kutazama tofauti kati yake tu. Kinachofanana kwenye nyaya zote mbili inakifuta, kwa sababu inajua huo ni mvumo wa umeme uliodandia njiani. Kwa maikrofoni ni akili kubwa. Lakini mimi nimeingiza stereo: kushoto kwenye waya mmoja, kulia kwenye wa pili. Kwenye Bongo Fleva ya mchana, mwimbaji na besi wako katikati, yaani wako sawasawa pande zote, wakafutwa, vikabaki vinanda vya pembeni. Ndiyo ile "nafasi" yangu. Na wimbo wa Babu ni mono. Kushoto ni kulia. Wote unafanana. Kilichotofautiana pande mbili ni makelele ya mkanda tu, na hayo ndiyo niliyoyahifadhi kwa FLAC bila kupoteza hata punje. Kwa hesabu za mikisa, Babu na ujana wake wote walikuwa mvumo wa umeme.

Alipoivuta pini ile hatua moja, ikagusa njia moja badala ya mbili, mikisa ikakosa cha kulinganisha, ikapitisha upande wa kushoto mzimamzima. "Tungeweza pia kutumia waya wa kugawanya, kushoto chaneli moja, kulia nyingine," akasema. "Ninao kwenye begi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia mbili, kaka."

Nikala pilau.

Kwa hiyo wale mnaonitumia ujumbe kuuliza nilikuwa nimetumia nini, jibu ni soda. Na wale mnaouliza kama kadude kananunulika, hakauzwi, kalikuwa hakana kosa, kalikuwa kanaimba muda wote. Waya wa kugawanya nimeshaagiza. Ukifika nitaujaribu na kuwaambia matokeo. Hapana, sitawaambia.

Ila kuna jambo moja linanisumbua tangu asubuhi. Sura yangu pale nilipofumba macho na kuinua kidole gumba imeshageuzwa stika. Nilijua itatokea. Mjomba kaitumia kukubali mchango wa harusi, binamu kaitumia kujibu salamu, yote nimeyavumilia. Lakini dakika hii kundi la ukoo limelia tena, nimefungua, ni stika hiyohiyo, na aliyeituma ni Babu. Naomba anayemfundisha ajitokeze.