Sidney Poitier hakuwa mpole kama wanavyodai

Kila mwigizaji wa filamu wa Marekani Sidney Poitier anapotajwa siku hizi, sifa ni zile zile: mstaarabu, mtanashati, mtulivu. Halafu hakosekani wa kuongeza kwamba ndiyo maana Wazungu walimpenda, kwani hakuwatisha. Hoja hiyo ni ya zamani. Mwaka 1967 mwandishi wa tamthilia Clifford Mason aliiandika bila kuficha katika New York Times, akiuliza kwa nini Marekani ya Wazungu inampenda Poitier kiasi kile. Hasira yake naielewa. Wahusika aliowaigiza Poitier mara nyingi hawakuwa na mke wala mchumba, na hawakuteleza hata kidogo, kana kwamba mtu mweusi hastahili heshima mpaka awe malaika. Hata hivyo naona Mason alimpunja. Ukitaka kumjua Poitier, tazama pia kazi alizozikataa.

Katikati ya miaka ya 1950, akiwa bado hajulikani sana, aliletewa nafasi ya kuigiza mfanyakazi wa usafi ambaye mtoto wake anauawa na maiti kutupwa uani. Katika maandishi ya filamu ile, baba huyo hafanyi lolote. Hapigi kelele, hadai chochote, hadithi inampita tu. Malipo yalikuwa dola 750 kwa wiki. Mke wa Poitier alikuwa karibu kujifungua, na hospitali ilitaka dola 75 ambazo hawakuwa nazo. Alikataa. Alikwenda kukopa zile dola 75 kwa kuweka rehani samani za nyumbani, kwa sababu aliona baba yake mzazi, Reginald, asingekaa kimya namna ile mbele ya maiti ya mwanawe. Wakala aliyemletea kazi hiyo, Martin Baum, alishangaa mno, kisha akaamua kumsimamia. Walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi.

Reginald alikuwa mkulima wa nyanya katika Cat Island, Bahamas. Yeye na mkewe Evelyn walikwenda Miami kuuza mazao, na Februari 1927 Sidney akazaliwa huko kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba hawakutarajia angepona. Alifika New York akiwa kijana asiyesoma vizuri, akaosha vyombo mikahawani. American Negro Theatre, kundi la maigizo la watu weusi, walimkataa kwa lafudhi yake ya visiwani na kwa kusoma kwa kudonoadonoa. Alinunua redio akawa anawaiga watangazaji, neno kwa neno, huku mhudumu mmoja mzee wa Kiyahudi akimfundisha kusoma gazeti usiku baada ya kazi. Sauti ile tunayoisifu aliitafuta mwenyewe, kwa jasho.

Basi turudi kwenye huo upole. Mwaka 1964 yeye na rafiki yake, mwimbaji Harry Belafonte, walipeleka dola 70,000 taslimu Greenwood, katika jimbo la kusini la Mississippi, kwa vijana waliokuwa wakipigania haki ya watu weusi kupiga kura, na njiani watu wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, wakawafukuza kwa gari. Ndiyo sababu ilipofika zamu ya In the Heat of the Night, filamu yake ya 1967, alikataa kwenda kuigizia Kusini mwa Marekani. Sehemu kubwa ya picha ikapigwa Sparta, Illinois, jimbo la kaskazini.

Katika filamu hiyo kuna tukio ambalo nimelitazama mara nyingi kuliko jingine lolote la enzi yake. Tibbs, mpelelezi mweusi anayeigizwa na Poitier, anamhoji tajiri wa mashamba ya pamba ndani ya banda lake la maua. Tajiri anamzaba kofi. Kabla hujapumua, Tibbs amelirudisha. Mtazame mtumishi mweusi aliyesimama pale na sinia yake, uso umemganda. Mtazame pia mkuu wa polisi, asiyejua afanye nini. Poitier alisimulia kwamba aliikubali kazi hiyo kwa sharti kofi lile lirudishwe na lisikatwe popote filamu itakapoonyeshwa. Mwaka huo wa 1967 alikuwa na filamu nyingine mbili kubwa, na mwaka 1968 wenye majumba ya sinema Marekani walimtaja kuwa nyota anayevuta watu kuliko wote. Oscar ya mwigizaji bora ikaenda kwa Rod Steiger, mkuu wa polisi wa filamu ile ile. Poitier hakuwa hata kwenye orodha ya walioteuliwa. Hilo mimi bado linanikera.

Yake alikuwa ameipata 1964, mwanamume mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mwigizaji mkuu. Wa pili, Denzel Washington, alikuja 2002, miaka 38 baadaye.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu zaidi ya kumkumbuka. Mwaka 1959, yeye, Belafonte na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson walitia saini barua ya kuchangisha nauli za wanafunzi waliotafutiwa nafasi za masomo Marekani kupitia juhudi za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya. Ndege ya kwanza iliondoka Septemba mwaka huo na vijana 81. Habari hii ilipaswa kujulikana mashuleni kwetu kuliko inavyojulikana.

Alifariki Januari 2022 akiwa na miaka 94, baada ya kuongoza filamu zake mwenyewe na kuwa balozi wa Bahamas nchini Japani. Asiyemjua aanze na filamu ya kofi, kisha atafute Buck and the Preacher ya 1972, ya kwanza aliyoiongoza. Humo anawasindikiza watu weusi waliotoka utumwani kwenda magharibi kutafuta ardhi, bunduki mkononi, na mke anaye.