Mwanafunzi aandike obiti yake kwanza

Kuna hoja inayosikika kwa wanaofundisha uhandisi wa anga: ya nini kumhangaisha mwanafunzi aandike mwenyewe programu ya kukokotoa obiti ya satelaiti, ilhali NASA inatoa bure GMAT, programu ya kupanga safari za anga, na humo ukinzani wa hewa unaongezwa kwa kubofya tu?

Hoja hiyo si ya kubezwa. Muhula ni mfupi, na kazini hakuna atakayemlipa mhandisi aanzie kwa Newton kila asubuhi. Modeli za angahewa ya juu, kama NRLMSISE-00, zimejengwa kwa vipimo vya miaka mingi. Mwanafunzi hawezi kujitungia ya kwake.

Ila wenye hoja hiyo hudhani faida ya kujiandikia ni kuzijua fomula. Faida kubwa ni kujua lini jibu la kompyuta si la kuaminiwa, na ukinzani wa hewa hulifundisha hilo bila huruma.

Chukua njia rahisi kuliko zote ya kukokotoa mwendo hatua kwa hatua, ya Euler, kwa hatua za sekunde 10. Satelaiti ianze kilomita 400 juu, kwenye obiti ya duara, bila hewa hata chembe. Kabla ya kumaliza mzunguko mmoja, kama dakika 92, itakuwa imepanda mamia ya kilomita. Hakuna kilichoisukuma, kila hatua ya hesabu imeongeza nishati kidogo isiyokuwepo. Kituo cha Kimataifa cha Anga, karibu na kimo hichohicho, hushushwa na hewa takriban kilomita 2 kwa mwezi. Yaani kosa la hesabu la saa moja na nusu limeipita kwa mbali kazi ya hewa ya mwaka mzima! Mwanafunzi akiweka ukinzani humo ataona satelaiti bado inapanda, na itambidi atafute mkosaji: asili au programu yake. Atahamia Runge-Kutta, njia yenye usahihi zaidi, atapunguza hatua, atahakikisha nishati haibadiliki kabla ya kurudisha hewa. Aliyebofya tu hajawahi kulikabili swali hilo.

Akishasahihisha, anakutana na ajabu nyingine. Satelaiti inayozuiwa na hewa huongeza kasi: karibu kilomita 7.67 kwa sekunde ikiwa kilomita 400 juu, 7.73 ikishuka hadi 300. Wengi watarudi kukagua alama za kutoa. Alama ziko sawa. Inapozama, mvutano wa dunia huirudishia kasi zaidi ya ile iliyonyang'anywa na hewa.

Linabaki suala la densiti ya hewa, na hapa programu zote mbili, ya NASA na ya mwanafunzi, zinalitegemea Jua. Februari 3, 2022, SpaceX ilirusha satelaiti 49 za Starlink, zikaachwa kwenye obiti ambayo sehemu yake ya chini kabisa ilikuwa kilomita 210 hivi juu. Dhoruba ya sumaku iliyotokana na Jua ikaipasha angahewa joto, ukinzani ukapanda kwa hadi asilimia 50 kuliko safari zilizotangulia, na satelaiti zipatazo 40 zikapotea. Mwanafunzi anayeijua programu yake mstari kwa mstari ataongeza densiti kwa nusu, ataipunguza kwa nusu, na kuona tarehe ya kuanguka ikihama. Atatoa jibu lenye mipaka badala ya siku moja ya uhakika wa bandia.

Mazoezi yapo karibu nasi. Satelaiti ya San Marco 2 ya Italia, iliyorushwa pwani ya Malindi mwaka 1967, ilikwenda kupima densiti hiyohiyo juu ya ikweta. Na satelaiti ndogo 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa Mei 11, 2018, ikaungua ikirudi Juni 2020, miaka ambayo Jua lilikuwa tulivu. Mwanafunzi apewe tarehe ya kwanza na umbo la satelaiti, afichwe ya pili, akokotoe kwa programu yake. Majuma yanayobaki, afunguliwe GMAT na aihoji kwa maswali yaleyale.