Lebo ya Ngamiani au mkataba wa Ulaya?

Ukikaa na madijei wa Tanga wanaotengeneza singeli na miziki mingine ya kompyuta isiyopigwa redioni, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kugawanyika. Wapo wanaosema: piga biti, tafuta lebo ya nje ikusaini, panda ndege, ukirudi utaheshimiwa hata na waliokuwa wakikucheka. Wapo wanaoshikilia kwamba lebo iwe yako mwenyewe, hapahapa Ngamiani, katikati ya mji wetu, hata kama ofisi yake ni godoro na laptopu. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa sababu zao nyingi sizikubali. Nyingi ni za hasira, kwamba wazungu wanatunyonya, basi. Hasira haiendeshi lebo.

Upande wa kwanza una ushahidi mzito, na ni haki kuanza nao. Singeli ilikulia uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye vigodoro vya kukesha, ikifika mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa miaka mingi iliitwa muziki wa wahuni. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, iliyoko Mburahati. Mwaka 2019 zikafuata albamu za Jay Mitta, Duke na Sisso mwenyewe, na mwaka 2022 ikaja ya DJ Travella. Vijana hao wakaanza kupanda majukwaa ya matamasha ya Ulaya, mbele ya watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Na lebo iliyowafungulia mlango ilikuwa ya Kampala. Dar walikuwepo wenye studio kubwa na redio zao, na singeli ilikuwa inapita dirishani kwao kila Jumamosi usiku.

Lebo ya namna hiyo inafanya kazi ambayo dijei wa Tanga hawezi kuifanya kwa urahisi. Inalipia usafishaji wa sauti wa mwisho, inachapisha santuri na kanda, inawapelekea waandishi kabla haijatoka, inamjua wakala wa maonyesho wa Berlin au Brussels. Kubwa zaidi, inakuletea tamasha, na barua ya mwaliko ya tamasha ndiyo inayobeba maombi ya viza. Bila barua hiyo unaweza kuwa fundi wa biti kuliko wote pwani hii na ubalozi usikuelewe unakwenda kufanya nini kwao.

Kwa hiyo anayesema “subiri usainiwe” hajapotoka. Swali langu kwake ni moja: ukishasaini, masta, yaani rekodi yenyewe na haki zake, inabaki kwa nani?

Tanga tunalo somo letu la nyumbani kuhusu hilo, nashangaa halitajwi. Miaka ya 1960 na 1970 mji huu ulibadilisha taarabu. Black Star Musical Club na Lucky Star waliingiza magitaa ya umeme na besi kwenye muziki uliokuwa wa ala za mwambao, Shakila akaimba humo, na sauti ile ikavuka mpaka. Sahani zao zilitolewa na lebo ya Mzuri ya Mombasa. Mwaka 1989 lebo ya GlobeStyle ya London ikazikusanya upya na kuziuza Ulaya kama taarabu ya Tanga. Sisemi kwamba walioitoa walidhulumu mtu. Bila wao pengine nyimbo hizo zingeozea kwenye makabati. Nasema tu kwamba muziki ulipikwa Tanga, mlango wa kwanza ukawa Mombasa na wa pili London. Ufunguo ulishikwa na mwenye kutoa sahani. Mchiriku wa Dar nao ulipita njia hiyohiyo, kwani kundi la Jagwa Music lilitoka kimataifa mwaka 2012 kupitia Crammed Discs ya Brussels.

Wenzangu wa kambi ya lebo binafsi wakifika hapa hushangilia, kisha hutaja Detroit, Marekani. Ni kweli, mfano ni mzuri. Juan Atkins alianzisha lebo ya Metroplex mwaka 1985, Derrick May akafuata na Transmat, Kevin Saunderson na KMS. Vijana watatu waliosoma shule moja, hakuna aliyengoja kampuni kubwa, na tekno yote ya dunia inawarudia wao. Lakini kuna jambo linarukwa. Detroit kulikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, Archer, cha familia moja, tangu miaka ya 1960. Kulikuwa na maduka ya santuri na madijei wenye kawaida ya kununua. Mtu angeweza kubeba maboksi kwenye gari lake na kurudi na hela.

Sisi mtandao wetu wa usambazaji ni kile kibanda cha kuingiza nyimbo. Kompyuta moja, waya wa USB uliofungwa kwa nailoni, bango lililoandikwa nyimbo, muvi, kaswida. Kijana wa bodaboda anachomoa memori kadi, anasema nijazie singeli kali. Mwenye kibanda anafungua folda, anaburuta zote, analipwa chake. Ndani ya folda kuna faili inaitwa BITI KALI TANGA FINAL 2. Jina la aliyeitengeneza halimo. Ndiyo maana maprodyuza hupachika jina lao kwa sauti kila baada ya sekunde kadhaa, mpaka wimbo unakera. Lile jina linalorudiarudia ndiyo hati yao pekee ya umiliki. Kibanda kinakusambaza mpaka Handeni na Korogwe ndani ya wiki moja, na hakikulipi hata senti.

Basi anakula wapi? Kwenye shughuli. Harusi, kumtoa mwali, vigodoro, sherehe za mtaani. Na hapa kuna jambo ambalo wanaotamani kazi hii kwa kuangalia picha za mitandaoni hawalioni. Anayepata fungu nono ni mwenye muziki, yaani mwenye spika, amplifaya na jenereta. Dijei akiwa hana spika zake anachukuliwa kama kibarua, anapewa kilichobaki, na akileta ubishi wiki ijayo anaitwa mwingine. Usiku mzima anapiga anachotakiwa kupiga: taarabu ya kisasa, bongo fleva, amapiano. Vitu vyake mwenyewe anavichomeka saa saba, waalikwa wa heshima wakishaondoka.

Wengine wanaona huo ni upotevu wa kipaji. Sikubaliani nao kabisa. Hakuna maabara ya muziki kama saa saba ya usiku Makorora. Ukiweka biti mpya yenye ngoma za mdumange wa Wasambaa au selo ya Wazigua, kina mama wakikaa, biti imeshindwa. Wakifunga kanga viunoni, unajua imekubalika. Hilo dijei wa Ulaya analipa kodi ya klabu kulipata. Hasara yake ni uchovu, na majira. Utafika nyumbani alfajiri, utalala mpaka adhuhuri, na ile albamu uliyoahidi inabaki kwenye laptopu msimu hadi msimu. Halafu kuna vibali vya mtaa na afisa utamaduni, kuna NEMC, baraza la mazingira, na kanuni zake za kelele, kuna jirani mwenye mgonjwa. Anayekumbuka baikoko, ngoma ya hapahapa Tanga, ilivyosakamwa na mamlaka kwa sababu ya uchezaji wake, haambiwi jinsi usiku mmoja unavyoweza kuharibu jina la mji mzima.

Kuhamia Dar ni jibu la tatu, na mimi naliona dhaifu. Dar ni kilomita kama 350, imejaa, na singeli ya pale ina wenyewe. Ukitoka Tanga kwa mpaka wa Horohoro, Mombasa ni karibu zaidi, viza hakuna, na ukisogea mpaka Kilifi kuna tamasha la mwaka mpya, Beneath the Baobabs, ambalo muziki wa kielektroniki ni kawaida yake. Nairobi ipo taasisi iitwayo Santuri inayofundisha mambo haya darasani. Bagamoyo kipo chuo cha sanaa, TaSUBa, kwa anayetaka kuijua ngoma kwa undani kabla ya kuikatakata kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea biti. Ramani ya dijei wa Tanga inatazama kaskazini kuliko tulivyozoeshwa.

Turudi kwenye lebo, maana hapo ndipo hesabu zinapokuwa na maana. Chukua albamu ya dola 7 kwenye Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Wao hukata asilimia 15 kwenye mauzo ya kidijitali. Nakala 100 ni dola 700, wakikata chao zinabaki 595, toa na ada za malipo. Bado ni zaidi ya shilingi milioni moja, kutoka kwa watu 100 tu. Spotify, tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 haulipwi chochote. Kwa muziki wa watu wachache wanaoupenda sana, soko la kwanza linakufaa kuliko la pili. Tatizo ni kwamba Bandcamp hulipa kupitia PayPal, na si kila akaunti ya PayPal inaweza kupokea hela. Kenya waliunganisha PayPal na M-Pesa mwaka 2018. Wewe, kabla hujachora nembo ya lebo, hakikisha akaunti inayoweza kupokea ipo na iko kwa jina la nani, maana lebo ngapi zinapokelea hela kwenye akaunti ya shemeji aliyeko Muscat.

Mambo ya kiserikali nitayapita haraka kwa kuwa si magumu kama yanavyosemwa: jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, usajili wa msanii kwa baraza la sanaa, BASATA, kazi zako kwa ofisi ya hakimiliki, COSOTA. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inakulinda mpaka miaka 50 baada ya kufa kwako, ila wakati wa mgogoro utaulizwa uthibitisho, na kupiga kelele kwamba biti ni yako si uthibitisho. Muhimu kuliko yote hayo ni namba ya ISRC, ile ya kimataifa inayoitambulisha kila rekodi. Msambazaji wa mtandaoni hukupa. Bila hiyo namba, faili yako huko nje ni yatima kama ile ya kibandani.

Sasa, kile kinachonitenga na wenzangu wenye hasira. Mfano wa unyonyaji unaotajwa sana kwenye muziki huu ni Trax Records. Nyimbo za mwanzo za muziki wa house zilitoka humo, na wanamuziki wake Larry Heard na Robert Owens walilazimika kwenda mahakamani mwaka 2020 wakidai mirabaha ambayo hawajalipwa tangu miaka ya 1980. Mwaka 2022 wakapatana na kurudishiwa kazi zao. Wenzangu huusimulia mkasa huo kama ushahidi dhidi ya lebo za ugenini. Trax ilikuwa ya Chicago. Ilikuwa lebo ya nyumbani, ya mtaani kwao, inayoendeshwa na mtu waliyekuwa wakimwona kila siku. Aliyekufunga si umbali, ni karatasi uliyosaini bila kuisoma, au ambayo haikuandikwa kabisa.

Kwa hiyo lebo binafsi ninaitetea kwa sababu nyepesi: ndiyo nafasi pekee ya wewe kuwa mwenye karatasi kabla mgeni hajafika na yake. Toa kazi mbili tatu mwenyewe, chache, safi, zenye namba na majina. Akija wa Kampala au Lisbon akazipenda, mpe leseni: ya santuri na kanda tu, kwa miaka mitano au saba, masta ikibaki Tanga. Lebo nyingi ndogo za muziki huu hugawana nusu kwa nusu baada ya gharama kurudi. Basi uliza gharama hizo ukomo wake ni shilingi ngapi, na hesabu utaletewa kila baada ya miezi mingapi. Wapinzani wangu watasema kijana asiye na jina hana ubavu wa kuuliza hayo. Ni kweli kwa sehemu. Wengi watajibiwa chukua au acha, na wengine watachukua, na sitawalaumu; safari moja ya Ulaya ikilipwa vizuri inanunua spika ambazo zingemwondoa kwenye ukibarua.

Ila mwenye lebo naye ana deni, na hili ndilo sisikii likisemwa kwenye vijiwe vyetu. Biti za singeli zinabebwa na MC. Anaitwa usiku, anashika maiki, anatiririka dakika tano bila kusimama, anapewa elfu kumi na soda, “tumemalizana”. Mwaka unaofuata wimbo uko mtandaoni kwa jina la dijei. Tunayoyalalamikia kwa Ulaya tunayafanya mitaani kwetu, Mabawa na Mikanjuni, tena bila hata mkataba mbaya, bila mkataba wowote. Dawa yake ni ukurasa mmoja wa Kiswahili: nani kapiga biti, nani kaimba, asilimia ngapi kila mmoja, namba za simu, sahihi, mashahidi wawili. Uandikwe usiku uleule, kabla maiki haijazimwa, kwa sababu asubuhi kila mtu atakumbuka asilimia yake. Na kwa wale ambao tayari sauti zao ziko kwenye laptopu yako tangu mwaka juzi, simu zao unazo.