Lulu za Manihiki: hela ilikuja, laguni ikachoka

Watu wakisikia lulu nyeusi wanadhani ni mteremko, unaninginiza chaza, yule mnyama wa gamba anayetengeneza lulu, baharini unarudi kuokota dola. Sasa angalieni Manihiki, kisiwa cha Cook Islands kule Bahari ya Pasifiki, kilicho zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Rarotonga, kisiwa kikuu cha nchi hiyo, ardhi yenyewe ni kamkanda tu kamezunguka laguni, yaani bwawa la maji ya bahari, meli inakuja kwa nadra. Ufugaji wa chaza wa lulu nyeusi ulipoanza miaka ya 1980 vijana wakapata sababu ya kubaki nyumbani, na siwezi kulibeza hilo. Chaza halishwi, anajichujia chakula majini, na lulu haiozi kama samaki, hata meli ikichelewa miezi mali yako ipo tu kwenye kopo.

Ila kazi yenyewe jamani! Unamfungua chaza kidogo tu maana ukizidisha anakufa, unachana kiungo chake cha uzazi, unapachika kigololi kilichochongwa kwenye gamba la kome wa mtoni Marekani pamoja na kipande cha nyama ya chaza mwingine, unamrudisha majini unasubiri mwaka na nusu hata miwili, na anaweza akakitema. Mafundi wa hiyo kazi kwa miaka mingi walitoka Japani, kwahiyo hujauza hata lulu moja na fundi ameshadai chake. Mwenye mtaji atavumilia, familia yenye kamba mbili tatu tu za kuninginizia chaza itakopa.

Halafu hela ilivyonoga kila mtu akaongeza chaza na laguni ni ileile, maji hayatoki haraka, mwaka 2000 ugonjwa ukaingia chaza wakafa kwa wingi, na hapo kimbunga Martin kilishaua watu na kubomoa mashamba 1997. Polinesia ya Ufaransa, visiwa vingine vya Pasifiki vinavyofuga lulu nyeusi, wao walizalisha mpaka bei ikaporomoka.

Mimi kwa kijiji kidogo naona bora nusu lulu, kama wanavyofanya Tonga, nchi nyingine ya visiwa Pasifiki. Unagundisha kidude cha plastiki ndani ya gamba, chaza anakifunika kwa lulu, upasuaji hakuna, mtu wa hapohapo anafundishika, na gamba linachongwa hereni. Akina mama wa Fumba kule Zanzibar nao wamefuga hivyo. Hela yake ni ndogo, sibishi, na mnunuzi mkubwa ni mtalii, ambaye anaweza kukatika: kwa korona Tonga ilifunga mipaka 2020 ikaja kufungua 2022.