Kero ya Muungano Isiyomo Kwenye Orodha

Yakhe, mimi kuhamia Dodoma sikukataa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali huku ni wa 1973, nasi tumekuja kuutekeleza tushaota mvi. Vumbi nimezoea, baridi ya Juni nimenunulia sweta. Lakini leo nimechoka, tena nimechoshwa na mkate.

Mkate wa ufuta. Mtu wa Darajani, kule Unguja, haelezwi. Unapasuliwa ungali moto, unatiwa mishkaki na chatini ya ukwaju, basi, hutaki maneno na mtu. Na kinachoniuma zaidi, ufuta wenyewe unalimwa hapahapa: Kongwa, Kondoa, Chemba. Malori yanautoa mkoani sisi tunapunga mkono.

Sasa jioni hii, jirani na soko la Majengo, naona kibao cha chaki: MKATE WA UFUTA UPO. Nikaruka kwenye bajaji haijasimama vizuri.

"Kijana, mkate wa ufuta?"

"Upo, shehe. Mishkaki mingapi?"

Akachomoa slesi mbili kwenye mfuko. Akapaka siagi. Akafungua kopo, akachota ufuta mbichi na kuukandamiza juu kwa kiganja kilekile alichokuwa akirudishia watu chenji.

"Mwanangu, huu mkate unakandwa kwa tui la nazi, unaachwa uumuke. Unabandikwa chumani, kisha chuma chenyewe kinapinduliwa kifudifudi juu ya makaa, uso uive."

"Si utaangukia motoni?"

"Hauanguki, umeshika."

Bodaboda aliyekuwa akisubiri zege, yaani chipsi mayai, akageuka. "Mzee, kitu ukikipindua kinaanguka. Hiyo fizikia."

"Muacheni," akasema dada mmoja, "Wapemba wana mambo yao."

"Mimi si Mpemba, ni mtu wa Mchangani!"

"Haya, Mpemba wa Mchangani."

Hapo heshima ikanitoka. Mimi, ofisa mwandamizi, kitambulisho cha wizara kinaning'inia shingoni, nikapokea kikaango cha mtu niwaoneshe. Kijana akanibandikia slesi. Nikapindua. Slesi ikaenda zake kwenye makaa.

"Si nilisema?" Bodaboda huyo, kama aliyeshinda kesi.

Jamani! Mkate ulioiva juzi utashikaje chuma? Kinachoshika ni donge bichi! Donge! Nimepiga kelele mpaka wa genge la nyanya wakasimama. Kijana akanisubiri nimalize, akasema kwa adabu kabisa, "Shehe, na hiyo iliyoungua tunaihesabu."

Nimelipa.

Hoteli moja waliniletea bani ya baga ina ufuta wa kuhesabu, bei ya kuchinjia. Mwenzangu wa Tanga akaapa anamjua mama anayeupika, kufika, chapati. Nikasema nipike mwenyewe, lakini nazi zinafika huku zimechoka kuliko abiria, ukitikisa hazisemi kitu.

Nyama, siongopi, ya huku ndiyo nyama. Unguja ng'ombe wengi tunavushiwa na bahari kutoka Bara, wakifika na wao hawajielewi. Kwa hiyo huku mishkaki haina mkate, kule mkate hauna mishkaki ya maana. Mambo ya Muungano, yale Bara na Zanzibar wanayoendesha pamoja, yalianza 11 mwaka 1964, leo yako 22, vikao na posho, na hili hakuna aliyeliona.

Mama mwenye nyumba wangu, Mgogo mwenye roho nzuri, alinisikia nikilalamika akanionea huruma. Akaniletea ugali wa uwele na mlenda. Ijumaa hiyo, natoka msikitini, kanzu imepigwa pasi. Utamu upo, sikatai. Lakini mlenda haukatiki! Unainua tonge, nao unakufuata. Unainua zaidi, unafuata. Unageuka useme asante, ushakuzunguka. Mama anacheka, wanangu wangekuwepo wangenirekodi.

Kanzu nikaipeleka kwa dobi. Akaivuta pale kifuani, akainusa, akaniuliza kama nafanya kazi ya useremala. Nikamwambia ni mlenda. Akasema gundi bei yake nyingine.