Arusha maji tunayo, namba zake hatuna

Ukiwauliza wana-Arusha walioko nje nyumbani kunakosekana nini, utatajiwa lami za mitaani, mifereji inayoziba kila masika, na mahali pa kupita mtu wa miguu bila kukwepana na bodaboda. Siwapingi. Ila kwangu mimi la kwanza ni dogo na la bei rahisi: namba. Hasa kiasi cha floraidi, madini ambayo yakizidi yanaharibu meno ya watoto, katika maji yanayotoka bombani kwako, mtaani kwako, mwezi huu.

Huku Marekani sheria inaibana kila mamlaka ya maji ya mji impe mteja ripoti kila mwaka kabla ya tarehe 1 Julai. Ni kurasa chache tu: maji yametoka mto gani au kisima gani, kimepimwa nini, kimekutwa kiasi gani, na kama kikomo kilivukwa inaandikwa wazi. Wengi wanaitupa bila kuisoma. Lakini ipo, na mwenye mtoto mchanga akiitaka anaipata. Cha kuchekesha, miji mingi huku inaongeza floraidi kwa makusudi, ikilenga miligramu 0.7 kwa lita ili meno yasioze. Na kwenye makaratasi sisi ni wakali kuliko wao: kikomo chao cha kisheria ni miligramu 4, chetu siku hizi ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo tusisingizie kanuni.

Miamba ya volkano ya Meru ndiyo inayotia floraidi kwenye maji, na kadiri maji yanavyokaa ardhini ndivyo yanavyozidi kuibeba. Ndiyo maana kisima kimoja kinaweza kufaa na cha jirani kisifae. Maji ya bomba nayo yanatoka chemchemi na visima mbalimbali. Pampu moja ikizimwa, unachokunywa kinabadilika na hakuna anayekuambia. Mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520 umeongeza maji mjini, hilo tushukuru. Lakini wingi wa maji haukuambii kilichomo.

Bila namba watu wanabahatisha. Wanachemsha: vijidudu vinakufa, floraidi inabaki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Dawa ya klorini haiigusi. Chujio la kawaida la udongo haliizuii. Magadi ya kulainishia maharage na makande mara nyingi yanaongeza nyingine juu yake. Ladha na rangi ya maji havikusaidii kitu. Anayeumia zaidi ni mtoto tangu kuzaliwa mpaka miaka minane hivi, wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi; yakishaota na madoa ya kahawia, hakuna dawa ya mswaki itakayoyarudisha.

Kwa kunasa floraidi kuna mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeushughulikia miaka mingi. Mifupa inachomwa kwa hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 600 hivi. Ikiungua pungufu, maji yananuka na kupata rangi. Moto ukizidi, uwezo wa kunasa floraidi unashuka. Inavunjwavunjwa, inaoshwa mpaka maji yatoke masafi, inajazwa kwenye ndoo yenye koki. Ubaya wake, mkaa unachoka kimyakimya. Siku umeshiba, maji yanatoka maangavu vilevile na floraidi inapita. Utajuaje ubadilishe lini kama hujui maji yanaingia na kiasi gani?

Njia ninayoiamini zaidi ni maji ya mvua, kwa sababu hayajapita kwenye miamba. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 60, mvua ya milimita 20, ni lita 1,200. Toa yanayoruka na kuvuja, zibaki 1,000. Mvua tano za namna hiyo zimejaza simtanki la lita 5,000. Familia ya watu watano, kila mtu lita 5 za kunywa na kupikia, inatumia 25 kwa siku, yaani siku 200. Likijaa mwishoni mwa Mei, linakuvusha kiangazi mpaka vuli. Watu wanaharibu pawili: wanaliunganisha na bafu na choo, likaisha ndani ya wiki chache, au wanalijazia maji ya bomba yaleyale waliyokuwa wanayakimbia. Maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege yamwage, mdomo wa tenki weka wavu, na ya kunywa chemsha. Hapo kuchemsha kuna maana.

Wala sisemi Marekani ni peponi. Mwenye kisima chake binafsi huku hapewi ripoti na mtu, anapima kwa hela yake. Flint, Michigan, mwaka 2014 walibadilisha chanzo cha maji na watu wakanyweshwa maji yenye sumu ya madini ya risasi, ripoti au hakuna ripoti. Na miji mingi huku bila gari huendi popote, wakati Arusha unasimama barabarani, kifodi hicho, daladala yetu ndogo.

Ila la namba linawezekana kesho. Ankara ya maji tayari inakuja kwa ujumbe wa simu: usomaji wa mita, deni, namba ya kulipia. Iongezwe mstari mmoja: chanzo, floraidi kwa lita, tarehe ya kipimo. Mwenye mtoto wa miaka miwili akisoma 2.1, anajua mtoto anywe ya tenki. Na mstari huohuo ubandikwe ofisi ya mtaa, maana wanaonunua maji kwa ndoo kwa jirani hawapati ankara yoyote.